Dude la Barazani

Kaka yangu ndiye aliyeleta plaizi, na plaizi yenyewe ilikuwa yangu. Aliitoa kwenye boksi langu la vifaa bila kuuliza, akaja nayo barazani mbele ya ndugu wote waliokuja kuanua matanga ya mama, akaanza kukata waya. Mimi nilikuwa jikoni napakua wali. Nikausikia ule mlio, tak, tak, na kwa kuwa kazi yangu ndiyo hiyo, nikajua papo hapo kinachokatwa ni nini. Nilitoka na upawa mkononi. Wanasema nilipiga kelele zilizosikika mpaka dukani kwa jirani. Kelele sizikumbuki. Hasira naikumbuka vizuri, na ninayo mpaka leo ninapoandika haya.

Ngoja nieleze kilichokuwa kinakatwa, maana wengi waliosikia habari hii walidhani ni mapambo ya ukutani.

Mimi ni mwandika mabango. Hapa Katandala, mtaa wetu wa Sumbawanga, ukiona duka limeandikwa kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, au saluni imechorwa mwanamke mwenye shingo ndefu kupita kiasi, jua ni mkono wangu. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Lakini nyuma ya nyumba nina kibanda cha mabati ambamo nafanya kazi nyingine, ninayoipenda: naunganisha vitu. Mabua ya ulezi na mnyororo wa pikipiki. Kibuyu kilichopasuka na dumu la mafuta ya kula. Magome ya miti, nyavu chakavu ninazoletewa kutoka Kasanga, viroba vya mbolea, vifuniko vya soda, udongo wa mfinyanzi. Vilivyoota shambani na vilivyotoka kiwandani navifunga pamoja kwa waya kwenye mbao, mpaka vinakuwa kitu kimoja ambacho jana yake hakikuwepo. Mijini wanasema hiyo ni sanaa. Mtaani kwetu wanayaita madude, na sijawahi kununa kwa hilo, kwa sababu wanaoyaita hivyo angalau wamesimama wakayaangalia.

Mama alihamia kwangu mwaka wake wa mwisho. Moyo ulikuwa umechoka, miguu inavimba, na safari ya kutoka kijijini kwetu, njia ya Matai, kuja hospitali ilikuwa mateso matupu. Alikuja na nguo chache na viroba vya vyombo vyake, na vile viroba aligoma kabisa kuviacha nyuma. Jembe lililolika mpaka likabaki dogo mithili ya mwiko. Chungu cha kupikia pombe ya ulezi. Bakuli la bati lenye maua mekundu alilopewa siku ya harusi yake. Ungo, kibuyu cha kunywea, taa ya chemli isiyo na kioo, na gia ya baiskeli ya marehemu baba.

"Mama," nikamwambia, "hapa mjini hakuna shamba. Jembe la nini?"

"Na wewe una vyuma vya watu kibandani," akasema. "Umeniona nakuuliza?"

Nikashindwa. Siku zote nilishindwa na mama.

Hakuzoea kukaa bure. Asubuhi, baridi ya huku kwetu Ufipa ikiwa bado inauma masikio, alikuwa anajifunga blanketi mbili, anaburuta kiti cha plastiki mpaka mlangoni pa kibanda, anakaa kunikosoa. Kwamba kibuyu hakikai kichwa chini. Kwamba mabua yale niliyavuna yakiwa mabichi. "Huo waya umeufunga kama unafunga mbuzi wa kuazima," alisema siku moja, akanyoosha mkono, nikampa. Alifunga kwa mtindo wa kufungia fito za ghala, mizunguko imelala mmoja baada ya mwingine, na nilipovuta haukusogea. Kuanzia siku hiyo ikawa kazi ya watu wawili.

Wazo la kutumia vitu vyake lilikuwa lake. Nilikuwa na mlango wa zamani wa mbao niliouokota kwenye nyumba iliyobomolewa, nimeuegemeza ukutani nikisubiri kujua utakuwa nini. Asubuhi moja mama akaja na jembe lake. "Weka na hili." Kesho yake akaleta ungo. Baadaye bakuli. Nikaanza kuona picha: maisha ya mwanamke wa Ufipa yamesimama kwenye mlango mmoja, udongo na chuma na plastiki, ulezi wenyewe tukiusuka kuzunguka mnyororo. Nilifurahi mpaka nikasahau kulala mchana, nami ni mtu ninayependa kulala mchana. Mama naye alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa mdogo, uso wa siku za kupepeta.

Jambo moja tu lilitugombanisha. Mimi kitu kizima sikitoboi. Nakizungushia waya kwa nje, nakibana, kinabaki kizima ndani ya kazi. Mama hakutaka hilo hata kulisikia. Kila chombo chake lazima kitobolewe. Kibuyu alikitoboa mwenyewe kwa msumari uliowekwa kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu. Ungo aliupasua katikati kwa kisu. Jembe na gia viliuzidi nguvu mkono wake, kwa hiyo alinionyesha kwa kidole, "Hapa," nikatoboa kwa drili. Bakuli la harusi, hapa. Nikatoboa huku roho inaniuma.

Kwenye chungu nilikasirika waziwazi. Kilikuwa chungu kizuri, cheusi kwa moshi wa miaka mingi, hakina hata ufa. Alikigeuza mapajani, akanambia nimshikie ukingo kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka, akaanza kugonga kitako kwa msumari na jiwe, taratibu, taratibu, mpaka udongo ukaachia na kipande kikaanguka kwenye kitenge chake.

"Mama, si tungefunga shingoni? Shingo ipo!"

"Hapa ndipo waya unapita vizuri."

Haukupita vizuri. Ulipita vibaya, na ilibidi nifunge shingoni pia. Tulinuniana mpaka wakati wa uji wa jioni.

Halafu, kama ilivyo kawaida yetu tunaojiita wasanii, kile nilichokikasirikia nikakigeuza kuwa cha maana. Kuna mama mmoja Dar es Salaam anayeandaa maonyesho, alikuwa ameona picha za kazi zangu kwenye simu ya mtu. Nilimtumia picha za ule mlango ulipokamilika, na chini nikaandika kwamba matobo yanaruhusu pumzi ipite kati ya kilichoota na kilichotengenezwa. Nilijiona nimeandika jambo zito. Akanipigia siku hiyo hiyo. Aliutaka. Kingekuwa kitu changu cha kwanza kuonekana nje ya mkoa huu, na mimi si binti mdogo tena.

Ila kabla hajakata simu alishusha sauti. "Na hicho kibuyu dada, ni cha mganga, eh? Tunaweza tukaandika hivyo? Maana Sumbawanga... unajua tena."

Najua tena! Nimejua tangu nilipopanda basi kwa mara ya kwanza kwenda kusoma, na mwenzangu wa siti aliposikia ninakotoka akahamisha mkoba wake. Popote niendapo katika nchi hii nikitaja nyumbani, mtu atacheka na kuniuliza kama nimekuja kwa ungo, kama mchawi. Ungo! Ungo ninaoujua mimi unapepeta ulezi, unakufanya upige chafya, na mama yangu umemtoa sugu vidoleni. Watu wa huku wanaamka alfajiri kupalilia mahindi, Jumapili wanajaa kanisani mpaka wengine wanasimama nje, na taifa zima limekaa linasubiri tupae. Nilimwambia yule mama aandike kwamba ni vyombo vya mkulima. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyepunguziwa mboga.

Mama alifariki kabla mvua hazijaanza. Asubuhi alisema amechoka, mchana akalala, hakuamka. Tulimzika kijijini, karibu na baba. Sitaki kuandika zaidi kuhusu siku hizo.

Dude tulikuwa tumelihamishia barazani kwangu, likabaki hapo limeegemea ukuta. Nilikuwa nimeshaongea na dereva wa lori la maharage anayekwenda Dar kwamba baada ya arobaini atalichukua, nilifunge vizuri kwa magodoro. Kila nilipopita nililigusa. Sikuwa na picha nyingi za mama, na zile zilizokuwepo alikuwa amekaza uso kama yuko mbele ya hakimu. Mle ndani ya lile dude ndimo alimokuwa amecheka, amenikosoa, amenuna. Kila fundo la waya nililijua, lake lipi na langu lipi. Ndicho kitu pekee tulichowahi kutengeneza pamoja tangu nizaliwe.

Kaka yangu, ambaye ni mkubwa kwangu, anafanya kazi wizarani Dodoma. Mwaka ule mama anaumwa alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya misa, anauliza hali, anaambiwa ndiyo hivyo hivyo, anasema tumwombee. Kwa arobaini alikuja na wafanyakazi wenzake kwenye gari la ofisi. Nilimpokea, shikamoo kaka, pole na safari. Wale wenzake waliteremka, wakajinyoosha, wakaliona dude barazani: kibuyu, chungu cheusi, ungo, mabua, minyororo. Mmoja wao akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Aisee! Kweli tumefika Sumbawanga."

Wakacheka. Hao ni wageni, siwadai kitu. Lakini kaka yangu, aliyekulia chini ya chungu kile, aliyenyonya kwa mwanamke aliyeshika jembe lile, naye alicheka. Alicheka haraka kuliko wote. Halafu uso ukamsinyaa, akaniambia pembeni, "Hili dude lako litoke hapa kabla ya watu kula. Unanidhalilisha." Nikamwambia nyumba ni yangu. Nikaingia jikoni. Na ndipo akaenda kwenye boksi langu.

Nilipofika barazani na upawa, alikuwa ameshakata upande mzima wa juu. Jembe lilikuwa chini. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa na ambayo sikuwahi kufikiri nitamwambia mtu niliyemwamkia asubuhi. Yeye aliwageukia ndugu, akaongea kwa ile sauti yake ya mikutano.

"Jamani, leo si siku ya kugawa vitu vya marehemu? Vitu vya marehemu si ndivyo hivi? Au mnadhani jembe hili ni la nani?"

Hapo alinipiga pabaya. Kwetu, matanga yakianuliwa, vitu vya aliyekufa vinagawanywa siku hiyo hiyo, havilali. Kila ndugu anaondoka na kitu cha kumkumbukia. Mimi nilikuwa nimeshatoa nje blanketi zake, kanga, vitenge, rozari, viatu vyake vya kanisani, nimevipanga mkekani. Kuhusu dude haikunipitia hata kidogo akilini kwamba ni mali ya kugawa. Kwangu lilikuwa kazi. Ukishaunganisha, kile cha zamani kinaisha, kinazaliwa kingine.

Lakini wao walisogea, wakaangalia, na uso mmoja baada ya mwingine nikaona wanatambua. Hakuna aliyedharau. Heri wangedharau, ningejua pa kusimama. "Hili si ndilo jembe la shamba la bondeni?" "Bakuli la harusi hili, nilikuwepo." "Gia ya baiskeli ya mzee, nipeni mimi hiyo." Waliongea kwa upendo, na kwa upendo huo huo wakaanza kuvuta.

"Nipeni hiki kimoja tu," nikasema. "Sitaki blanketi, sitaki kanga, sitaki chochote. Fungu langu liwe hili."

Aliyekuwa anasimamia ugawaji ni mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Ni mwanamke mnene, mwenye maneno makali, mpika pombe hodari, na tangu asubuhi jicho lake lilikuwa kwenye chungu. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kimoja? Mimi naona jembe. Naona chungu. Naona bakuli na ungo. Hicho kimoja kiko wapi, mwanangu?"

Nimefikiria maneno hayo mara nyingi. Siku ile nilijibu kwa kukumbatia ule mlango. Mtu mzima, na aproni yangu ya jikoni, nimekumbatia mbao mbele ya wageni wa wizara. Binamu zangu walinibandua taratibu, wakiniambia pole, pole dada, msiba unachanganya kichwa. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa na hasira, na hakuna kinachotia hasira zaidi kama kuambiwa pole na mtu anayekuibia.

Kaka akamaliza kukata. Tak. Mama mdogo akachukua chungu chake, maana kwake kilishakuwa chake, akakipigapiga ubavuni kusikiliza mlio. Uso ukabadilika. Akakiinua juu, akachungulia ndani, akaliona anga.

"Umetoboa chungu cha dada yangu!" Alinigeukia mimi. "Wewe mtoto una wazimu? Chungu kilichopika pombe ya harusi yangu, unatoboa kwa ajili ya michezo yako?"

"Sikukitoboa mimi."

"Nani basi?"

"Yeye mwenyewe. Alikitoboa kwa msumari na jiwe. Nilimkataza."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Vilivyomshinda alinielekeza pa kutoboa. Alinikataza kuvifunga kwa nje."

Mama mdogo aliinama, akaokota bakuli, akaliangalia kwenye mwanga. Akaangalia jembe, kibuyu, ungo. Wengine nao wakageuza walivyoshika mikononi. Kisha akatamka maneno machache ya Kifipa, kwa sauti ndogo, na wazee wote walionisikia nikipiga kelele muda ule wakavua kofia.

Nilipokuwa mtoto, kwenye makaburi ya zamani ya ukoo wetu kulikuwa na mabakuli na vyungu vimeachwa juu ya udongo, na tulikatazwa kuvigusa. Vilikuwa na matobo. Nilidhani ni kutu na mvua. Kumbe, kama mama mdogo alivyotueleza pale barazani sisi tuliokulia shuleni na mjini, chombo kinachokwenda kaburini kilikuwa kinatobolewa kwanza, ili kisitumike tena na mkono wa mtu aliye hai. Wafanyao hivyo ni waliobaki, baada ya mazishi. Hakuwahi kusikia mtu aliyejitobolea mwenyewe.

Mwenye gia ya baiskeli aliiweka chini. Mwenye bakuli akaliweka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Ndani ya muda mfupi vyote vilikuwa vimerudi sakafuni chini ya ule mlango mtupu, na watu wamerudi nyuma hatua kadhaa. Kaka alikuwa bado ameshika plaizi. Aliiweka juu ya kiti kama kitu kinachounguza, akatoka, akaenda kukaa kwenye gari la ofisi na kufunga mlango.

"Haya," mama mdogo akaniambia. "Ulikuwa unavililia. Chukua. Hakuna hapa atakayekunyang'anya. Ila ujue tu unachukua kwa nani."

Kwa hiyo nikapewa. Kila nilichokuwa nimekipigania kilikuwa miguuni pangu, na nikikifunga kwa waya mpya siku mbili tatu kingesimama tena, na lori la maharage lilikuwa bado linapakia. Nilifikiria kufanya hivyo. Nilifikiria kwa dhati jioni nzima. Yule mama wa Dar alipiga simu, nikaiangalia inavyowaka mpaka ikazima. Kilichonichoma si kwamba ingekuwa dhambi. Kilichonichoma ni yale maneno yangu kuhusu pumzi. Ni kama nilikuwa nimesimama karibu na mama yangu akiaga, nikamwambia asogee kidogo upande wa kulia nipate picha nzuri.

Na nikamkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia marehemu mama yangu kuliko nilivyomkasirikia kaka na wizara yake yote. Angeniambia. Kila asubuhi tulikuwa tumekaa pamoja, nampa uji, nampa dawa, namkanda miguu, tunaongea kuhusu bei ya mkaa na binti wa jirani na mvua. Nafasi ya kuniambia ilikuwepo. Akachagua kunidanganya kuhusu waya.

Asubuhi nilivirudisha vyote kwenye viroba vile vile, nikapanda gari la Matai, nikashuka kwenye njia ya kijijini. Upepo wa huko juu hauna cha kuuzuia, ni nyasi tu mpaka unapoishia kuona, na ulikuwa unanisukuma mgongoni kama una haraka kuliko mimi. Kwenye kaburi nilimkuta fundi anajengea marumaru nyeupe ambazo kaka alikuwa ameleta, zinang'aa vibaya sana katikati ya yale mafungu ya udongo. Kaka mwenyewe alikuwa amekaa pembeni juu ya mfuko wa saruji. Hakuwa na tai. Wenzake hawakuwepo.

Sikumwamkia. Nilifungua kiroba, nikaweka bakuli juu ya marumaru. Likateleza. Nikaliweka tena, upepo ukalisukuma, likaanguka kwenye nyasi. Kibuyu hivyo hivyo. Niliona hasira inapanda tena, nikamwambia fundi abandue marumaru zile za upande wa kichwani kabla hazijashika, nataka kukalisha vyombo kwenye saruji mbichi.

Fundi akamwangalia mwenye marumaru.

"Bandua," kaka akasema. Akainuka, akaja kusimama mbele yangu. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa nayo ya kumjibu tayari. Macho yake yalikuwa mekundu, na halikuwa vumbi.

"Ulijua," akasema. "Mwaka mzima mmekaa barazani, wewe na yeye, mnatoboa vyombo vya kaburini. Ulijua anakwenda. Nakupigia kila Jumapili unaniambia ndiyo hivyo hivyo. Ungesema neno moja tu, ningekuja. Mimi ni nani kwenu? Mimi si mtoto wake?"

Jibu la kumuumiza nilikuwa nalo mdomoni. Ningesema ndiyo, nilijua. Mama aliniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Lingemkata kuliko yote niliyomtukana siku iliyopita, na angebaki nalo mpaka anazeeka. Na mimi lingenipa nilichokuwa nakitaka kuliko maonyesho, kuliko lile dude lenyewe likiwa zima: kwamba katika watoto wake, kuna mmoja aliyemwamini. Nani angenikanusha?

"Hakuniambia," nikasema.

"Acha uongo."

"Hakuniambia, kaka. Nilimshikia chungu akakitoboa, na hakuniambia. Nilidhani tunatengeneza kitu."

Alitafuta uongo usoni pangu, na nadhani alitamani aupate. Kisha akaligeukia kaburi, akalisemesha kwa Kifipa, kwa ukali, kama alivyokuwa anasema nami dakika ile. "Mama. Kwa nini?"

Ndilo swali langu. Tulisimama pale tukisubiri, watu wawili wazima, tumemkasirikia mtu mmoja.